Jilore na Bonde la Sabaki: Nchi Iliyosukumwa Mbali

Ukitoka Malindi mjini ukaipa bahari mgongo, njia ya bara hupita Ganda na Kakuyuni, hugusa ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha hupanda tuta refu la ardhi nyekundu. Juu ya tuta hilo ndipo Jilore. Upande wa kaskazini ardhi huporomoka ghafla, na chini huonekana ziwa linaloitwa kwa jina la kijiji, mwari na korongo wakiwa ukingoni. Ng'ambo ya ziwa ni mashamba ya bondeni, na baada ya mashamba ni mto Sabaki wenye maji ya rangi ya udongo. Mtu wa Taita ataicheka Jilore ikiitwa mlimani. Lakini kwa mtu wa pwani aliyezoea ardhi tambarare ya matumbawe, hapa ni juu, na upepo wake ni mwingine.

Kutoka mjini hadi hapo ni kama kilomita 20 tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 sasa bonde hili limetajwa kama pembe ya mbali: nchi ya njaa, ya mafuriko, ya watu wa kusaidiwa. Anayeamini hivyo hajui kwamba kulikuwa na wakati Malindi yenyewe ilikuwa ikila kwa mkono wa bonde hili. Umbali wa Jilore hauna uhusiano na kilomita. Ulitengenezwa na watu, kwa amri zilizotiwa saini, na tarehe zake zinajulikana.

Ziwa lenyewe ni mtoto wa mto. Sabaki huanza mbali sana, kwenye nyanda za juu za kati karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha sana bara, mto hufura, huvunja kingo na kujaza vidimbwi na maziwa ya bondeni: Jilore, Chemchem, Merikebuni. Mvua ikikata, maziwa hupungua, na mara nyingine ziwa lililokuwa na viboko hubaki tope lililopasuka. Maisha ya hapa yamefuata pumzi hiyo ya mto tangu zamani. Maji yakishuka huacha tope jipya lenye rutuba, na mkulima huyafuata nyuma, akipanda mahindi hatua kwa hatua kadiri ukingo unavyokauka. Mavuno ya tope hayangoji masika wala vuli, na hiyo ndiyo siri ya utajiri wa Sabaki: nyika ya nyuma ikikaushwa na jua, bondeni bado kuna kijani.

Watu wa kwanza kuitafuta siri hiyo kwa wingi katika karne ya 19 walikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza walikuwa watu waliokimbia. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Unguja aliifufua Malindi, mji uliokuwa umebaki magofu tangu fahari ya enzi za Vasco da Gama. Wenye mashamba Waarabu na Waswahili wakaja, wakalima mtama na simsim kwa jasho la maelfu ya watumwa, na nafaka ya Malindi ikasafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Mtumwa aliyechoka kiboko alikuwa na njia moja ya wazi: kulipa jua la asubuhi mgongo na kuufuata mto. Ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya watoro kama Makongeni kando ya Sabaki, na Fuladoyo huko kusini nyuma ya Takaungu. Watoro walilima, walijenga maboma ya miti, na walilala na silaha kando, maana mabwana wao wa zamani hawakukata tamaa. Fuladoyo ilivamiwa zaidi ya mara moja, na kiongozi wake Mkristo, David Koi, aliuawa mwaka 1883.

Aina ya pili walikuwa Wagiriama. Kitovu chao kilikuwa Kaya Fungo, kijiji chenye boma katikati ya msitu upande wa Kaloleni, ambako wazee wa kambi, yaani baraza lao, walikata mashauri na kutunza viapo. Kufikia katikati ya karne ya 19 watu walikuwa wamezidi na mashamba ya karibu na kaya yamechoka. Familia moja baada ya nyingine ikasogea kaskazini, ikiacha kaya kuwa mahali pa ibada na baraza badala ya makazi. Katika miaka ya 1890 walikuwa wamefika Sabaki, na wengi wakavuka hadi ng'ambo ya kaskazini. Hapo walikutana na watoro. Walifanya biashara nao, wakaoleana, wakagombana pia, kama majirani wa popote.

Mwanzoni mwa mwongo huo huo walifika wageni wengine. Mwaka 1890 Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipanda na mto akijenga vituo vya maboma, akitafuta njia ya misafara ya kwenda bara. Haukupita muda mrefu, wamisionari wa Kianglikana wa CMS wakaweka kituo juu ya tuta la Jilore. Aliyejulikana zaidi hapo alikuwa Douglas Hooper, msomi wa Cambridge. Mahali walipochagua panaeleza mengi. Walikuwa na maji chini yao, upepo juu yao, njia ya Malindi mbele yao, na pande zote wakulima. Hakuna anayejenga kituo mahali pasipo na watu.

Ni vizuri kulitazama boma la Mgiriama wa bondeni wa miaka hiyo kwa karibu. Nyumba ilikuwa ya fito na nyasi, imeezekwa kutoka kichwani hadi karibu na ardhi. Ndani, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga, dari ya miti ambapo mahindi yalipangwa na maganda yake. Moshi wa kila siku uliyafanya meusi na kuwafukuza wadudu, hivyo mbegu ya mwaka ujao ilikaa salama juu ya kichwa cha mpishi. Shambani palisimama dungu, jukwaa la miti ambalo vijana walikesha juu yake wakipiga kelele kuwafukuza nguruwe na viboko. Ziwani wanaume walitega migono wakavua kambare. Nyama ilitoka nyikani kwa uta na mishale yenye sumu. Na chakula cha jioni kilikuwa sima, kwa mboga chungu ya mchunga au kwa samaki.

Lakini boma hilo halikuwa la kujilisha tu. Baada ya mavuno, mahindi yalishuka Malindi, mengine kwa vichwa vya wanawake, mengine kwa punda wa wafanyabiashara, yakapimwa kwa pishi, kila pishi vibaba vinne, mbele ya duka la Mhindi au la Mswahili. Yalirudi kama nguo, shanga, chumvi na rupia, na rupia ikageuzwa mbuzi na ng'ombe, na mifugo ikageuzwa mahari. Kadiri mashamba ya watumwa ya Malindi yalivyodhoofika, ndivyo nafaka ya Wagiriama ilivyochukua nafasi yake. Marafa, ng'ambo ya mto, alitawala Ngonyo wa Mwavuo, mfanyabiashara aliyetajirika kwa pembe za ndovu na nafaka, akakusanya chini yake Wagiriama na watoro pamoja. Kulikuwa na misiba. Njaa ya 1898 hadi 1900 iliwaumiza watu wa pwani nzima, nao huikumbuka kwa jina la Magunia. Lakini njaa ilipoisha, bonde liliinuka upesi kuliko nyika, kwa sababu mto ulikuwapo.

Tatizo la bonde lilikuwa kwamba lilifanikiwa bila kumtumikia mtu.

Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na mwaka uliofuata sheria ya hati za ardhi ikafungua ukanda wa pwani kwa wanunuzi. Makampuni ya Ulaya yakaja kupanda mpira na pamba karibu na Malindi, Magarini Syndicate ikiwa mojawapo. Mashamba yalikuwapo, mitaji ilikuwapo. Vibarua hawakuwapo. Kwa nini Mgiriama wa Sabaki akapalilie mpira wa mzungu kwa rupia chache kwa mwezi, wakati gunia la mahindi yake lilimpa kodi na nguo bila kuondoka kwake? Kwa macho ya mkulima hilo lilikuwa swali lisilohitaji jibu. Kwa macho ya serikali lilikuwa uvivu na ukaidi.

Charles Hobley, mkuu wa jimbo la pwani, alikuwa na mpango. Mwaka 1912 alimtuma afisa kijana, Arthur Champion, akae miongoni mwa Wagiriama, ahesabu nyumba, akusanye kodi, aweke wazee wa serikali, na atoe vijana kwenda mashambani na Mombasa. Mpango ulikuwa na kipengele kimoja kilicholigusa bonde moja kwa moja: Wagiriama waondolewe kaskazini ya Sabaki, warudishwe kusini. Nyika ya kusini haikuwa na tope la mto, na mtu asiye na tope la mto angelazimika kutafuta kazi.

Jibu lilitoka kwa mwanamke mjane wa makamo. Katikati ya mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alianza kutembea kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walimfuata. Akisaidiwa na Wanje wa Mwadorikola, aliita mkutano mkubwa Kaya Fungo. Hapo wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi: hakuna kulipa kodi, hakuna kutoa kijana, hakuna kumtii mzee aliyewekwa na Champion. Wazee husimulia kwamba kwenye baraza alimwendea Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama atafanya nini. Kisa hiki kimesimuliwa kwa njia nyingi. Maana yake haijabadilika: vijana waliotakiwa walikuwa na mama zao.

Kazi ya Champion ikasimama. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, magharibi ya Kenya, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka kizuizini na kurudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, kupitia nchi za watu wasiowajua na lugha wasizozisema. Habari za kurudi kwao zilifika kabla yao, na serikali ikaamua kuivunja nguvu ya kiapo mahali kilipoliwa. Tarehe 4 Agosti 1914 wanajeshi waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakachoma miti yake na kuyafunga malango. Siku hiyo hiyo, huko London, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Hapo ndipo vita viwili vilipokutana. Vita vya Ulaya vilihitaji wapagazi, na maafisa wakazidi kudai vijana. Katikati ya Agosti askari mmoja alimbaka mwanamke wa Kigiriama, watu wakamuua askari huyo, na cheche ikashika. Kikosi cha King's African Rifles kilichokuwa kikipelekwa kupambana na Wajerumani kiligeuzwa kuja Sabaki. Upande mmoja ulikuwa na bunduki na upande mwingine ulikuwa na uta. Wagiriama wapatao 150 waliuawa. Nyumba kama 5,000 zilichomwa, na mbuzi wapatao 6,000 wakachukuliwa. Anayejua uchaga ulikuwa na nini ataelewa hesabu hiyo vizuri zaidi: nyumba ikiungua, inaungua pamoja na chakula cha mwaka na mbegu ya mwaka ujao.

Masharti ya amani yalikuwa haya: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kuwa wapagazi wa vita, silaha kusalimishwa, na Wagiriama wote kuhama kaskazini ya Sabaki. Sharti la mwisho ndilo lililoua bonde. Waliokawia kuondoka walichomewa nyumba na mazao yao. Familia zilivuka mto kwenda kusini na mbuzi waliobaki, zikajibanza kwa jamaa zao katika nyika isiyo na maji, zikiacha mashamba bora ya pwani nzima yaote magugu. Hakuna mzungu aliyekuja kuyalima. Mashamba ya mpira nayo yalikuwa yameanza kufa, kwa sababu bei ya mpira ilikuwa imeshaporomoka sokoni. Malindi ikapoteza nafaka yake, Wagiriama wakapoteza nchi yao, serikali ikapoteza kodi, na kampuni hazikupata vibarua. Ni vigumu kupata katika historia ya pwani amri moja iliyomhasiri kila mtu kwa usawa namna hii.

Serikali yenyewe ililiona hilo. Uchunguzi wa 1916 ulisikiliza malalamiko, na kufikia 1918 Wagiriama waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya kaskazini. Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena, walirudi kutoka uhamishoni mwaka 1919, wakaingia Kaya Fungo wakiwa viongozi. Mekatilili alifariki katika miaka ya 1920, na amezikwa Bungale, Magarini, ng'ambo ile ile aliyoipigania.

Kwa mujibu wa karatasi, basi, bonde lilishinda. Lakini shamba haliponi kwa ruhusa. Waliorudi walirudi mikono mitupu: mifugo imekwenda kwenye faini, mitaji ya biashara imeliwa wakati wa njaa, vijana wengine hawakurudi kutoka vitani. Wafanyabiashara wa Malindi walikuwa wameshatafuta nafaka kwingine. Njia zilizokuwa zimejaa wachukuzi wa mahindi zikawa njia za wanaume wanaokwenda kutafuta kazi Mombasa. Nyuma ya Jilore, msitu wa Arabuko-Sokoke ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1932, na mtu aliyezoea kuingia kutafuta mzinga wa nyuki au fito za nyumba akawa mhalifu kwenye ardhi ya babu yake. Ndipo neno "mbali" lilipoanza kulifaa bonde.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na bonde likaanza kuonekana kama mahali pa miradi. Katika miaka ya 1970 serikali za Kenya na Australia zilianzisha mradi wa makazi wa Magarini, kaskazini ya mto. Mpango ulikuwa kuwagawia watu mashamba, kufyeka vichaka kwa mitambo na kuwafundisha kilimo cha nchi kame. Zilitumika fedha nyingi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Visima vilitoa maji ya chumvi au havikutoa kitu, mazao yalikauka, na Australia ikajitoa mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu waliohesabiwa kuwa wanahitaji kufundishwa kulima walikuwa wajukuu wa wale waliofukuzwa kwa kosa la kulima vizuri.

Wakati huo huo maji ya Sabaki yalianza safari nyingine. Huko Baricho, juu kidogo ya Jilore, serikali ilijenga mtambo wa kuyapampu na kuyasafirisha kwa mabomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Watalii wa hoteli za Watamu huoga maji ya Baricho. Bomba lilipita, ndoo zikabaki. Mpaka leo wapo wanawake wa bondeni wanaoteremka mtoni na madumu, mmoja akichota na mwenziwe akitazama maji kwa sababu ya mamba.

Mto nao si ule wa zamani. Mashamba ya nyanda za juu yameachwa bila miti, na kila mvua kubwa huuteremsha udongo wao hadi pwani, pamoja na taka za mito ya Nairobi. Bahari ya Malindi hugeuka nyekundu kila masika. Vidimbwi vya bondeni hujaa mchanga na kupungua kina, kwa hiyo ziwa la Jilore hufurika upesi zaidi na kukauka upesi zaidi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya Aprili na Mei 2018, yalisomba mazao na kuwahamisha watu pande zote mbili za mto. Tope lililokuwa baraka sasa mara nyingine huja kwa wingi unaozika badala ya kurutubisha.

Mwaka 2014 ukazinduliwa mradi wa Galana-Kulalu juu zaidi ya mto. Ndoto yake ilikuwa ekari milioni moja za umwagiliaji, ikianza na shamba la mfano la ekari 10,000. Zao lililochaguliwa kuanza nalo lilikuwa mahindi. Miaka 100 kamili baada ya serikali moja kuchoma mahindi ya Sabaki, serikali nyingine ilikuwa ikikopa fedha kuyapanda, mkandarasi akitoka Israeli. Mradi huo nao umekwama na kufufuliwa zaidi ya mara moja.

Mekatilili ana sanamu mjini Malindi siku hizi, na kila Agosti watu hukusanyika kumkumbuka kwa ngoma na hotuba. Makaya ya Mijikenda, kundi la jamii za pwani walimo Wagiriama, yameingizwa katika urithi wa dunia tangu 2008. Hayo ni mema. Lakini kumbukumbu ya ushujaa peke yake inaweza kufunika jambo ambalo ushujaa huo ulikuwa ukililinda. Mekatilili hakuapisha watu kwa ajili ya sanamu. Walikuwa wakilinda vijana wao, mbuzi wao, uchaga wao, na haki ya kukaa penye maji.

Kwa hiyo kaunti ya Kilifi inapopanga fedha za Jilore, Garashi na Marafa, na wataalamu wanapokuja na ramani za mradi mwingine, inafaa waanze na historia hii kabla ya kuchimba kisima cha kwanza. Wawaulize wakulima tope linashuka mwezi gani na ziwa linajaa kwa mlango upi. Waache maji ya Baricho yawafikie kwanza wanaoishi kando yake. Jilore haijawahi kuwa mbali na Malindi. Ni Malindi, Mombasa na Nairobi zilizojiweka mbali na Jilore, na ni juu yao kurudi.